Dodoso likiwa hewani, nilikuwa nawatafuta wasiojibu

Usiku wa kwanza sikulala vizuri. Dodoso letu la mtandaoni tulilifungua asubuhi, na kufika magharibi nilikuwa nimeshauchungulia ukurasa wa takwimu sijui mara ngapi. Kila nikichungulia, namba imepanda. Mia na kitu, mia mbili na kitu, ikaelekea mia tatu. Mkuu wetu, ambaye ofisi nzima inamwita Maalim kwa kuwa alisomesha skuli miaka mingi kabla ya kuingia kwenye utafiti, alinitumia ujumbe wa sauti baada ya Isha: "Mwanangu, kwa mwendo huu wiki mbili ni nyingi. Tunaweza kufunga Ijumaa."

Na mimi nilifurahi. Mtu akikaa miezi anatunga maswali, akayasoma na kuyarudia mpaka akayahifadhi kwa moyo, halafu akaona watu asiowajua wanayajibu mmoja baada ya mwengine, moyo unajaa. Lakini kilichoninyima usingizi usiku ule hakikuwa furaha. Katika majina ya shehia, yaani mitaa na vijiji, yaliyokuwa yakipita kwenye kioo niliona Mpendae, Jang'ombe, Kiembesamaki, Fuoni, tena Mpendae, tena Fuoni, yote ya Unguja. Ya kwetu sikuyaona. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba.

Ilikuwa mwaka jana, msimu wa karafuu. Dodoso lilikuwa la vijana wa miaka 18 hadi 30, Unguja na Pemba, juu ya namna wanavyotafuta kazi baada ya skuli: habari za nafasi wanazipata wapi, nani anawashika mkono, nauli zinawagharimu kiasi gani, wamejaribu mara ngapi wakarudi mikono mitupu. Maswali 24, siku kumi na nne. Linki tuliipitisha kwenye magrupu ya WhatsApp ya mabaraza ya vijana, ya waliomaliza skuli pamoja, ya timu za mpira, na kwa masheha waliokubali kutusaidia. Kazi yangu ilikuwa kuliangalia likiwa linaendelea, na nilipopewa kazi hiyo nilidhani kuangalia maana yake ni kuhesabu.

Asubuhi ya siku ya pili niliyagawa majibu kwa wilaya zote kumi na moja, kisha nikayaweka ubavuni mwa sensa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 543,441 wako Pemba. Kwa hesabu ya haraka, katika kila watu mia, 29 ni wa Pemba. Sensa inahesabu watoto na wazee pia, kwa hiyo si kipimo halisi cha vijana, ila kwa kuonesha tumeegemea wapi inatosha kabisa. Katika kila majibu mia niliyokuwa nayo, ya Pemba yalikuwa kumi na moja. Wilaya ya Micheweni nzima, huko Pemba, ilikuwa na majibu manne. Mkoa wa Mjini Magharibi, wenye watu 893,169, yaani chini kidogo ya nusu ya Wazanzibari, ulikuwa umetoa saba katika kila kumi.

Nikampigia Maalim. Nilimkumbusha kisa ambacho ni yeye mwenyewe aliyenisomesha. Mwaka 1936, Marekani, jarida la Literary Digest lilipeleka karatasi za kura ya maoni kiasi milioni kumi, majina mengi wakiyatoa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari. Zilirudi zaidi ya milioni mbili. Wakatangaza kwamba Alf Landon ndiye atakayekuwa rais. Siku ya uchaguzi Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Mwaka ule watu walikuwa kwenye dhiki kubwa, na mwenye gari mlangoni hakuwa akiyaona mambo kama jirani yake asiye na kitu. Na waliojishughulisha kuirudisha karatasi hawakuwa sawa na walionyamaza. Milioni mbili hazikuwasaidia.

Maalim alikaa kimya kidogo kwenye simu. "Basi usifunge Ijumaa," akasema. "Watafute."

Kuwatafuta ndiko kulikonifundisha kazi. Nilianza vibaya. Nilitazama saa ambazo watu wanajibu, nikaona wengi wanajibu saa 17:00 na saa 18:00, nikasema hawa wanajibu saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, wametoka kazini wamekaa barazani. Nikawa natuma ukumbusho saa kumi alasiri, siku ya pili, siku ya tatu. Namba haikutikisika. Siku ya tatu usiku nikajaza dodoso mimi mwenyewe kwa kujaribu tu, saa tatu kasorobo, nikaenda kutazama limeandikwa saa ngapi. Lilikuwa limeandikwa 17:45. Mashine iliyokuwa inahifadhi majibu ilitumia saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Watu wangu walikuwa wanajibu saa mbili na saa tatu usiku, baada ya Isha, watoto wamelala, vyombo vimeoshwa. Alasiri niliyokuwa nawasumbua mimi, mwenye shamba yuko shamba na mwenye mwani yuko pwani. Nilibadilisha, nikaanza kutuma saa mbili na robo usiku, na usiku wa kwanza tu wa kufanya hivyo majibu kutoka Chake Chake yalizidi yale ya siku tatu zilizotangulia. Tangu hapo, dodoso lolote nikilifungua, jibu la mwanzo ni langu mwenyewe, la majaribio, kwa kuangalia saa tu. Halafu nalitia alama lisije likahesabiwa.

Kitu cha pili nilichokigundua kilikuwa kizito zaidi. Programu nyingi za madodoso huhifadhi hata majibu ya nusu, ukiliwasha jambo hilo tangu mwanzo, na sisi tuliliwasha. Kwa hiyo nilikuwa naweza kuona mtu ameingia, amejibu mpaka wapi, na wapi ameondoka. Wataalamu wana jina la habari za aina hii. Tangu mwaka 1998 Mick Couper alizipa jina la paradata, yaani habari za namna jibu lilivyopatikana, mbali na jibu lenyewe. Nilikuwa nimelisoma neno hilo chuoni nikalijibia mtihani. Nililielewa siku ya nne ya dodoso, nilipoona katika kila watu kumi wa Pemba walioanza, wanne wameondoka kwenye swali moja. La tisa.

Swali la tisa liliomba namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi.

Tuliliweka kwa nia njema. Tulitaka mtu asijaze mara mbili. Mjini watu walilijibu, wengine wakaandika namba za uongo na kupita. Pemba waliondoka. Ningeweza kulitoa palepale, na kijana wetu wa kompyuta alikuwa tayari, ni kazi ya dakika mbili. Lakini nilitaka kujua kwanza. Kwenye jedwali unaona mtu amesimama hapa. Sababu ya kusimama huioni. Nikamwomba Maalim ruhusa, kesho yake nikapanda boti Malindi kwenda Mkoani, nikaunga gari mpaka Wete, na jioni nilikuwa Mtambwe kwa mama yangu mdogo.

Aliyelala Mtambwe msimu wa karafuu anaujua usiku wake. Karafuu zilizochumwa mchana zimemwagwa kwenye jamvi ukumbini, watu wamezizunguka wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, taa katikati, harufu inakupanda puani mpaka macho yanawasha. Binti wa mama mdogo, miaka ishirini na mmoja, amemaliza kidato cha sita, alikuwa anachambua kwa mkono wa kulia na simu ameiegemeza kwenye pishi. Sikumwambia nimeleta nini. Nilimwambia tu, "Ile linki ya kazi niliyokutumia umeijaza?"

"Niliianza, dada. Nikaiwacha."

"Hebu ianze tena nikuone."

Akajifuta vidole kwenye kanga. Vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, vimekauka kwa utomvu. Akagusa kioo, kioo hakikusikia. Akajifuta tena, akagusa, hakikusikia. Akakunja kidole akagonga kwa kifundo, ukurasa ukafunguka. Akaenda hivyo hivyo, kwa kifundo, swali moja baada ya jengine, na kila ukurasa ukichelewa kufunguka anarudi kuchambua, akisikia simu imetulia anaitazama tena. Nilihesabu kimoyomoyo. Maswali manane yalimchukua dakika kumi na mbili. Mimi Mjini, ofisini, kwenye waya wa intaneti, dodoso zima nililimaliza kwa dakika saba, na tuliandika juu yake: dakika saba tu.

Akafika swali la tisa. Akalisoma. Akaigeuza simu, akailaza kifudifudi juu ya jamvi, akaendelea kuchambua.

"Mbona umeiwacha?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu. "Kwani nambari ya kitambulisho wanaitakia nini? Nyinyi mnauliza habari za kazi, nambari inahusu nini? Hapa kuna watu wamepigiwa simu, wametoa nambari zao, wakaambiwa wana mikopo." Halafu akaniangalia vizuri. "Au hiyo linki ni yako wewe?"

Nikasema ni yangu.

"Basi ungetuambia ni yako, tungekupa. Lakini si kila mtu ana mtoto wa dada yake huko."

Maneno yale nimeyabeba mpaka leo. Aliyeondoka kwenye swali la tisa hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga. Alikuwa na akili ya kujilinda, na sisi tulimwekea mlangoni kitu ambacho mtu mwenye akili hakikubali. Usiku uleule nilimpigia kijana wa kompyuta, swali likaondoka. Niliandika kwenye daftari siku na saa lilipoondoka, kwa sababu dodoso la kabla ya saa ile na la baada yake si kitu kimoja, na atakayekuja kuchambua majibu ana haki ya kujua mpaka uko wapi. Nilichoshindwa ni kuwarudisha wale walioondoka kabla. Walikuja, wakabisha hodi, wakaona pabaya, wakenda zao. Hatukuwa na majina yao wala namba zao. Wachache walirudi baada ya masheha kupitisha ujumbe mpya, wengi hawakurudi. Laiti tungewapa watu ishirini tu wa shamba walijaribu kabla ya kulifungua, tena kwa simu zao wenyewe na si kwa simu za ofisi, lile swali lisingefika popote.

Nikiwa bado Wete nikagundua jengine, na hili halikuonekana kwenye jedwali lolote. Alinipigia kijana mmoja wa Konde, namba yangu ameipata kwa sheha. "Dada, mie nafungua inaniambia nimeshajaza, na mie sijajaza kitu." Nikamuuliza simu ni ya nani. Ya nyumba. Dada yake alijaza jana. Basi nikafahamu. Programu ilikuwa inaweka alama kwenye simu iliyokwisha kujaza, ili simu moja ijaze mara moja. Huko programu ilikotungwa, simu moja ni mtu mmoja. Kwetu simu janja moja inatumiwa na ndugu watatu wanne, aliyetangulia amewafungia wenzake, na mara nyingi aliyetangulia ni aliyeko nyumbani. Jedwali langu lingenionesha Konde ina majibu kumi na nikaridhika. Lisingenionesha waliofungiwa nje, kwa sababu aliyefungiwa nje hahesabiwi hata kama amekuja. Tulikitoa kizuizi. Ndiyo, tulijua tunafungua mlango wa watu kujaza mara mbili. Nilikubali hatari hiyo kwa kuwa aliyejaza mara mbili nitamwona na nitaweza kumtenga, aliyefungiwa sitamwona kamwe.

Baada ya hapo mambo yalisogea. Wete ikapanda, Mkoani ikapanda, Chake Chake ikawa inakwenda vizuri. Micheweni ilibaki nyuma. Zilikuwa siku za bamvua, asubuhi maji yamekupwa, na wanawake wa pwani walikuwa kwenye mwani, wakirudi wamechoka. Nikafanya kosa ambalo nataka mwenye kusimamia dodoso alisome vizuri. Niliandika ujumbe kwenye magrupu: "Tunawatafuta zaidi vijana wa Micheweni. Kila atakayemaliza atapata bando la shilingi elfu moja." Bando tulikuwa tunalitoa tangu mwanzo, kwa kila aliyemaliza, kupitia fomu nyengine iliyotengwa ili namba ya simu isikae pamoja na majibu. Ujumbe wenyewe haukuwa na uongo. Ulikuwa na maelekezo.

Siku ya tisa niliamka alfajiri, nikafungua ukurasa kabla hata sijatia udhu. Micheweni ilikuwa imepata majibu 63 usiku mmoja.

Nasema kweli, nilimshukuru Mungu. Kwa siku nane nilikuwa nimeiangalia namba ile kama mtu anavyomwangalia mgonjwa. Nikasali, nikarudi, nikaanza kuyasoma. Yote yaliingia kati ya saa saba na saa tisa usiku. Hakuna lililochukua zaidi ya dakika moja na nusu, na mwepesi kuliko wote waliojibu kabla alichukua dakika sita. Kila swali, chaguo la kwanza. Kwenye swali la kuandika kwa maneno yako mwenyewe, majibu arubaini na kitu yalikuwa na sentensi moja, nukta kwa nukta. Namba za simu kwenye fomu ya bando zilikuwa tano, zinajirudia.

Mtu, au watu wawili watatu, walikaa usiku na kutengeneza vijana wa Micheweni wasiokuwepo, kwa sababu mimi mwenyewe nilitangaza kwamba hao ndio ninaowataka na kwamba nitalipa. Niliumia kwa vijana wa Micheweni wa kweli, ambao wangesemewa na mtu aliyebonyeza la kwanza, la kwanza, la kwanza. Na niliogopa nilipofikiri ningeyapokea vipi majibu yale kama yangekuja kumi kumi kila usiku badala ya 63 kwa mkupuo. Yalikuwa yanajaza pengo lile lile nililokuwa naliombea lijae. Jibu linalokuja pale unapolitamani ndilo linalohitaji kusomwa mara mbili.

Hatukuyafuta. Maalim alikuwa mkali juu ya hilo: ukianza kufuta majibu dodoso likiwa hewani, utaishia kufuta usiyoyapenda. Tuliyatia alama, tukaandika sababu za kuyatenga, na sababu zile zile tukazipitisha kwenye majibu yote ya wilaya zote, za Mjini pia. Mjini tukapata saba ya namna hiyo, ambayo nisingeyatafuta kama si yale ya Micheweni. Bando tukabadilisha likawa la bahati nasibu baada ya kufunga. Na masheha wa Micheweni nikawapigia mmoja mmoja, nikawaomba wanipatie vijana wawili watatu wa kuwaeleza wenzao ana kwa ana. Njia hiyo ni ya polepole. Majibu yalikuja matano, manane, sita. Ya kweli.

Katikati ya haya wawakilishi wa wafadhili walitaka vitu viwili. Cha kwanza, asilimia ya mwitikio, kila Jumatatu. Niliwajibu kwamba siwezi kuwapa, na walidhani nakataa kazi. Asilimia ya mwitikio inataka ujue walioitwa ni wangapi. Ukituma barua pepe mia tano, wakajibu mia, unayo. Linki iliyotupwa kwenye grupu, ikapelekwa grupu jengine, na jengine, imefika kwa watu wangapi? Hakuna anayejua, na atakayekupa asilimia amekutungia. Nilichoweza kuwapa ni walioanza na waliomaliza, kwa wilaya, kwa wanawake na wanaume, na kwa siku. Kwa mwenye kutaka kujua dodoso lina afya gani, hivyo vinatosha.

Cha pili walitaka kuona majibu yenyewe, vijana wanasema nini, siku ya nane, kwa ajili ya kikao. Hapo sikuyumba. Dodoso likiwa wazi mimi natazama nani ameingia na wapi amesimama. Wanachosema sikitazami, ila kwa kuhakiki kama jibu ni la kweli, na sikitoi. Habari ikitoka kwamba vijana wanasema hivi na hivi, anayejibu kesho yake anaijibu habari ile. Maalim alinisimamia katika hilo, namshukuru.

Siku moja tu tulipata majibu karibu na sifuri Pemba nzima, na nusura niandike ukumbusho wa lawama kwenye magrupu. Nikakumbuka Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba Tanzania nzima, tulivyokuwa tunalaumiana ofisini kwa barua ambazo hazikwenda. Nikampigia mama mdogo kwanza. Mtandao haukuwepo tangu asubuhi, akaniambia, na umeme unakuja na kuondoka. Nikaandika kwenye daftari: mtandao. Nikasubiri.

Daftari lile la karatasi, lenye mistari, nililinunua Darajani siku ya kwanza, na lilinisaidia kuliko jedwali. Kila usiku niliandika mambo matatu manne: nani hayumo, nadhani kwa nini, nimefanya nini, saa ngapi. Jedwali lilinionesha mstari umepanda siku ya sita. Daftari lilinikumbusha kwamba siku ya tano usiku swali la tisa liliondoka.

Tulirefusha siku tano, kwa watu wote, kwa sababu ukiwarefushia wa Pemba peke yao umeshawaweka kwenye dodoso jengine. Tulipofunga, majibu ya Pemba yalikuwa 26 katika kila mia. Micheweni ilikuwa chini ya inavyostahili, lakini ilikuwepo, na ilikuwepo kwa sauti zake.

Kisiwa cha Kojani, Pemba, hakikuwepo. Kijana mmoja tu, na yeye anakaa Wete. Nilizungumza na mzee mmoja wa kisiwani mara mbili. "Vijana wangu wako dago, mwanangu," aliniambia mara ya kwanza, yaani wako kwenye kambi za uvuvi, mbali na kwao. "Simu wanazo. Huko waliko, mtandao ndio mtihani." Mara ya pili aliniambia watarudi Mungu akijaalia, siku hazijui. Hawa ndio vijana ambao swali la kutafuta kazi linawahusu kuliko wengi. Wanaifuata kazi kwa mashua, wiki kwa wiki, wanalala ufukweni pa watu. Sikuwa na njia ya kuwapata, na fomu ya mtandaoni si chombo cha kumfuatia mvuvi aliye dago. Ilitakiwa mtu, karatasi, na nauli ya mashua, na bajeti yake tungeiomba mwanzo.

Ripoti ilipoandikwa, rasimu ya kwanza iliweka habari hiyo mwishoni, baada ya majedwali, kwa herufi ndogo. Niliomba ipande. Tulivutana siku mbili, kwa heshima, na Maalim akaamua. Iko ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu: vijana wa Kojani waliokuwa dago hawamo katika hesabu hizi.

Wiki moja baada ya kufunga, yule mzee alinipigia. Nikaamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema, "Wamerudi. Ile linki yako bado inafunguka?"

Nilimwambia imefungwa. Nikachukua daftari, nikaandika namba yake kwenye jalada, upande wa mbele.